Rubani, Mkata Mkonge na Bima Inayokatika Siku ya Kuagwa

Siku ya kliniki ya sukari na presha, wastaafu wa Makwasinyi huwezi kuwakosa. Alfajiri, mlima Kasigau ukiwa bado umejifunika ukungu, wao tayari wako kando ya barabara wakingoja gari la kwenda Maungu, wapande jingine hadi Voi. Shati limepigwa pasi kama la ofisini, kalamu iko mfukoni, na kwapani kuna bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Ndani yake mna kitabu cha kliniki, picha ya eksirei ya mwaka juzi, na mara nyingi kadi ya bima ambayo haijafanya kazi tangu mwenyewe aache kazi. Ukimuuliza mbona bado anaibeba, atakujibu kwamba huwezi kujua.

Mmoja alikuwa bandarini Mombasa. Mwingine reli. Mwingine alifundisha hesabu, mwingine alikuwa askari wa wanyamapori Tsavo. Walipokuwa kazini, mtoto akishikwa na homa usiku walikuwa na pa kumpeleka bila kuuza mbuzi. Kisha ikaja siku ya kuagwa: hotuba, soda, saa ya ukutani, godoro, pengine tangi la maji kama wenzao walichanga vizuri. Mwezi uliofuata jina likatoka kwenye orodha ya mishahara, na bima ikatoka nalo. Mtu alilindwa miaka yote aliyokuwa mzima, akaachwa alipoanza kuugua. Nani alipiga hesabu ya namna hii?

Msimamo wangu ni huu. Matibabu ya uzeeni ni sehemu ya ujira ambayo mtu ameshaifanyia kazi, kwa hivyo yaandikwe ndani ya mkataba wa pamoja wa kila chama cha wafanyakazi, na pesa zake ziwekwe kando kila mwezi, mfanyakazi akiwa bado ana nguvu. Na walio mahali pazuri zaidi pa kuanzisha jambo hilo hapa Kenya ni watu ambao wengi wetu hatuwaonei huruma hata chembe: marubani.

Wasioonewa huruma

Najua nitakayoambiwa. Sisi wa Kasigau rubani tunamjua kwa mlio tu, ndege za Nairobi na Mombasa zinapotupita juu. Mshahara wake kwa mwezi mmoja unaweza kumaliza nyumba ya mawe Rukanga. Mtu kama huyo ana shida gani ya kupiganiwa bima?

Maneno hayo hayo ndiyo yaliyosemwa Novemba 5, 2022, marubani wa Kenya Airways, kupitia chama chao cha KALPA, walipogoma alfajiri ya Jumamosi. Maelfu ya abiria walikwama. Kampuni ikasema inapoteza mamia ya mamilioni ya shilingi kila siku, na ilikuwa kampuni yenye madeni ambayo serikali, yaani mimi na wewe, ndiye mwenyehisa mkubwa. Wakaitwa walafi. Jaji Anna Mwaure wa Mahakama ya Ajira akawaamuru warudi kazini kufikia asubuhi ya Novemba 9, na wakarudi.

Lakini ni wangapi kati ya waliowatukana waliojua mgomo ulikuwa wa nini? Korona ilipofunga anga mwaka 2020, kampuni ilikata mishahara na kusimamisha michango yake katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Hilo lilieleweka, ndege zilikuwa zimeegeshwa. Ndege zikarudi angani, abiria wakarudi, michango haikurudi. Miaka miwili baadaye marubani walikuwa wakiidai pamoja na mishahara iliyobakizwa.

Hawakugomea bima ya wastaafu, na sitawapa sifa ambayo si yao. Waligomea akiba ya uzeeni. Ila mambo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, maana mzee asiye na bima hula akiba yake hospitalini. Mtu anaweza kulipwa malipo yake yote ya uzeeni Januari, akapata kiharusi Machi, na kufikia Desemba akawa anaishi kwa mwanawe. Tumeyaona. Pesa za kujenga vyumba vya kupangisha pale Voi zikageuka kuwa risiti.

Kuna jambo jingine linalomfanya rubani awe mfano mzuri. Afya yake inaangaliwa kuliko ya mfanyakazi yeyote ninayemfahamu. Kila mwaka anapimwa moyo, macho, masikio, mkojo, akili. Akishapita umri wa miaka 60, vipimo ni kila miezi sita. Bila cheti cha daktari haruki. Halafu anapofika 65, kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinamwambia basi, hawezi tena kuendesha ndege ya abiria ya kimataifa. Angalia jinsi kisu kinavyokata: wiki moja mwili wake ni mali ya thamani ambayo kila sehemu ina daktari wake, wiki ya pili ni mwili wa mzee fulani ambao ni shauri lake mwenyewe. Kwa mkata mkonge mambo huenda polepole na bila cheti, lakini kisu ni hicho hicho.

Ahadi bila pesa

Marekani walipita njia hii mapema, na walijikwaa mahali tunapoweza kuparuka.

Kwa miongo mingi sheria ya huko ilimstaafisha rubani wa shirika kubwa akiwa na miaka 60. Bima ya serikali ya wazee, Medicare, huanza mtu akifika 65. Pale katikati palikuwa na shimo la miaka mitano, na kwa sababu huko hospitali inaweza kukufilisi kwa siku tatu, vyama vya marubani vilisukuma bima ya wastaafu iandikwe kwenye mikataba yao. Umri wa kustaafu ulisogezwa hadi 65 Desemba 2007, lakini kufikia hapo wengi walikuwa wameshajifunza somo jingine, chungu zaidi: bima iliyoandikwa kwenye mkataba huku pesa zake zikibaki ndani ya vitabu vya kampuni ni bima ya karatasi.

Mwaka 1986 kampuni ya chuma ya LTV iliomba ulinzi wa kufilisika na kukata bima ya afya ya wastaafu wake wapatao 78,000. Ghadhabu ilikuwa kubwa hata bunge lao likatunga sheria, mwaka 1988, ya kuzuia kampuni iliyofilisika isiwakatie wastaafu matibabu kiholela bila kuzungumza nao na bila idhini ya mahakama. Ikasaidia, ingawa si sana. Mwaka 2005 shirika la ndege la United, likiwa katika ulinzi wa kufilisika, lilitua mzigo wa pensheni zake mikononi mwa mfuko wa dhamana wa serikali, na marubani waliokuwa wameahidiwa uzee mzuri wakapokea sehemu tu ya walichoahidiwa. Kisha mwaka 2015 Mahakama ya Juu, katika kesi ya wafanyakazi wa kiwanda, ikasema wazi kwamba mahakama isikisie: kama mkataba hausemi matibabu ni ya maisha, hakimu asidhani kwamba ni ya maisha.

Ahadi ni deni, tunasema. Ni kweli, lakini deni la aliyefilisika unalidai kwa nani?

Hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta jibu. Shirika la ndege la Afrika Mashariki, East African Airways, lilianzishwa 1946, likahudumia nchi tatu, likafa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Kenya Airways ilizaliwa mwanzoni mwa mwaka huo huo. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa makubaliano ya 1984, kila nchi ikakubali kuwalipa watu wake, na bado hadi miaka ya 2000 wastaafu Dar es Salaam walikuwa mahakamani na barabarani wakidai haki yao, wengine wakibebwa na wajukuu. Na Voi, mji uliokuzwa na reli, haina haja ya kusimuliwa. Reli ilipokodishwa mwaka 2006 kwa Rift Valley Railways, wafanyakazi kwa maelfu walipunguzwa, na mfuko wa pensheni ukaachiwa ardhi na nyumba badala ya pesa taslimu. Ardhi ni mali, sikatai. Lakini mzee wa presha hawezi kukata kipande cha ardhi akakipeleka famasia. Kilio cha kuchelewa kwa pensheni za reli tumekisikia hadi tumekizoea.

Funzo ninalochukua ni moja: pesa za matibabu ya mstaafu zikae nje ya mikono ya mwajiri, katika mfuko wenye wadhamini wake, tangu mwezi wa kwanza.

Lakini si kuna SHA?

Ipo, na sitaki kuwa mmoja wa wale wanaosema hakuna lililofanyika. Tangu Oktoba 1, 2024, bima ya NHIF tuliyoizoea tangu 1966 ilipisha Bima ya Afya ya Jamii inayoendeshwa na SHA. Mzee anayeenda zahanati kwa matibabu ya kawaida anafaa kuhudumiwa bila malipo kupitia hazina ya afya ya msingi. Hilo ni jambo kubwa kwa kijiji kama Makwasinyi, siku ambayo zahanati ina dawa.

Tatizo huanza pale daktari anaposema ulazwe. Hapo ndipo wanapoangalia kama mchango umelipwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kabla hajauona mshahara wenyewe. Asiye na mshahara huulizwa maswali: paa la nyumba ni la nini, maji mnayatoa wapi, mna mifugo mingapi. Majibu hutoa kiwango cha kulipa, kisichopungua Sh300 kwa mwezi, na hudaiwa mwaka mzima kwa mpigo. Yaani Sh3,600 kwa uchache.

Sasa mchukue mstaafu wetu mwenye bahasha. Ana nyumba ya mabati aliyoijenga akiwa kazini, ana tangi la maji alilopewa siku ya kuagwa, ana ng'ombe wawili. Mwaka 2025 serikali ilipotangaza kuwalipia Wakenya milioni 2.2 wasiojiweza, nani atamwandika mzee mwenye mabati na tangi? Bima za kibinafsi nazo, nyingi zina kikomo cha umri wa kuingia, na zile zinazompokea zinamtajia bei ambayo hata mwanawe aliye Nairobi inamtoa jasho. Kabla ya kutimiza miaka 70 hata zile Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, hazimhusu. Si maskini wa kutosha, si tajiri wa kutosha, si mzee wa kutosha.

Kuna kitu kingine ambacho hakisemwi mara nyingi. Katika NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, mwajiri huchanga sawa na mfanyakazi. Katika SHA mwajiri hachangi hata shilingi. Kazi yake ni kukata na kupeleka. Waajiri wakubwa hununua bima ya ziada ya wafanyakazi wao, na hiyo ndiyo inayokatika siku ya kuagwa. Kwa hivyo gharama yote ya uzee wa mfanyakazi imebebeshwa yeye na watoto wake. Binti anayeuza nguo Mwembe Tayari anatuma pesa za dawa za baba kabla ya kulipa karo ya mwanawe. Akina mama wa Kasigau wanaosuka vikapu vya mkonge wanajua ni vikapu vingapi hufanya dawa ya mwezi mmoja, na kikapu kimoja hakisukwi kwa siku moja. Hii nayo ni kodi, ingawa haina risiti.

Hesabu ya mkata mkonge

Sheria za mafao ya kustaafu zinaruhusu mpango wa pensheni kuwa na mfuko wa matibabu baada ya kustaafu. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, anayechangia mfuko huo anaondolewa kodi kwa mchango wa hadi Sh15,000 kwa mwezi. Ni sheria nzuri, na imeandikwa kwa ajili ya rubani. Sisemi kwa kejeli. Nafuu ya kodi humfaa anayelipa kodi, na mfanyakazi asiyefikisha mshahara wa Sh24,000 halipi kodi ya mapato. Anayekata mkonge kule Mwatate, jua la Taita likimchoma mgongo, hana kodi ya kupunguziwa.

Kwa hiyo kwake njia ni mkataba wa pamoja. Chama chake, KPAWU, hukaa mezani na waajiri kila baada ya muda kuzungumzia mshahara, nyumba, likizo, sare. Tuseme kikao kijacho kinaongeza jambo moja: mfanyakazi anachanga Sh100 kwa mwezi, mwajiri Sh100. Ni bei ya soda na mandazi. Kwa mwaka ni Sh2,400. Kwa miaka 30 ya kazi ni Sh72,000 kabla ya faida yoyote ya uwekezaji. Ukigawanya kwa Sh3,600, unapata miaka 20 ya kiwango cha chini cha bima ya jamii imeshalipwa, tangu siku ya kustaafu hadi umri ambao wengi wetu tunauombea tu. Najua viwango vitapanda, na najua shilingi ya leo si ya miaka 30 ijayo. Ndiyo maana pesa hizo hazifai kulala. Lakini hata ukipunguza nusu, mzee huyo hatakuwa akipiga simu kwa watoto kila mwisho wa mwaka. Akiba haiozi.

Hapo ndipo rubani anaponihusu. Chama cha mkata mkonge hakina wanasheria wa kuandika kifungu kama hicho na kukitetea. KALPA inao. Ina wanachama wachache ambao wakiketi nchi nzima inasikia, ina wanachama wanaojua takwimu za umri na maradhi yao vizuri kuliko mtu yeyote, na inajadiliana na kampuni ambayo kwa mwaka wa 2024 ilipata faida ya Sh5.4 bilioni, ya kwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Kifungu kikishaandikwa mara moja, kikasajiliwa mahakamani jinsi sheria ya mahusiano ya kazi ya 2007 inavyotaka, kinakuwa na nguvu ya kisheria, na vyama vingine vinapata mahali pa kuanzia. KAWU, chama cha wahudumu wa ndege na wapakiaji mizigo, ambako ndiko kijana wa kutoka Kasigau aliyebahatika kuajiriwa uwanja wa ndege wa Moi ana uwezekano mkubwa wa kuwa mwanachama, kingekuwa cha kwanza kunakili. Walimu wangefuata, wao kelele wanaziweza.

Wapo watakaosema marubani watajipatia wao tu na kutuacha. Inawezekana. Ila historia ya vyama vya wafanyakazi imejaa vitu vilivyoanza kwa wachache wenye kifua, vikaishia kwa wengi wasio nacho. Hata likizo ya kulipwa ilianzia mahali.

Na pesa za kaboni?

Niguse jambo la nyumbani kabla sijamaliza, hata kama litanipunguzia marafiki. Wengi wa Makwasinyi hawajawahi kuwa na mwajiri wa kujadiliana naye. Ni wakulima ambao tembo huwavunia mahindi kabla yao. Kwetu tembo na nyasi si methali, ni hasara ya msimu. Lakini msitu wetu una mapato. Tangu 2011 mradi wa kaboni wa Kasigau umekuwa ukiuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa katika ardhi hii, na kamati za wenyeji huketi kuamua sehemu ya jamii itumike vipi. Basari za shule zimekuwa mbele, na maji, na madarasa. Sina ugomvi na basari. Ziliwapeleka shuleni watoto ambao wangekuwa wanachoma makaa.

Swali langu ni kwa nini mzee wa miaka 66, aliyeacha kukata miti ili hiyo kaboni iwepo, haonekani kwenye ajenda. Sh3,600 kwa mwaka kwa kaya moja. Kamati inaweza kuhesabu kaya za wazee wa Makwasinyi, Jora na Bungule katika kikao kimoja, bila kuajiri mshauri kutoka Nairobi. Katiba yetu, kifungu cha 57, inasema mzee atunzwe na familia pamoja na serikali. Haikukataza msitu usaidie.

Lakini hiyo isiwe kisingizio cha waajiri. Aliyemtumia mtu miaka 30 asiiachie miti kazi ya kumtibu. Kifungu ninachotaka kwenye mikataba kinatosha mistari minne: mwajiri na mfanyakazi wanachanga kila mwezi kwa ajili ya matibabu baada ya kustaafu, pesa zinakwenda kwa wadhamini siku ile ile mshahara unapotoka, mwajiri haruhusiwi kusimamisha mchango bila makubaliano ya maandishi na chama, na akisimamisha, deni linabaki deni, na mwenza wa mstaafu analindwa hata baada ya mstaafu kufa. Huo mstari wa mwisho usisahaulike. Katika foleni ya gari la Maungu, wengi wa walioshika bahasha za kaki siku hizi ni wajane, na jina lililo kwenye kadi si lao.